Kuvu ndogo ya matawi makavu: mwongozo kamili wa kuieleza, kutoka msitu wa Karura hadi kwenye maandishi

Maelezo ya kuvu ndogo yanayoandikwa na wanafunzi na wapenzi wa viumbe hapa Nairobi hukwama palepale. Mtu anaokota kijiti chenye vitone vyeusi, anapiga picha moja kwenye hadubini, anatafuta jina mtandaoni, kisha anaandika maelezo yanayolifuata jina hilo. Ukimuuliza mti ulikuwa upi, hajui. Ukimuuliza amepima spora ngapi, yaani chembe za uzazi za kuvu, ni tatu. Ukimuuliza kijiti kiko wapi, kimeshatupwa.

Kazi hii hufanywa kwa mpangilio wa kinyume. Kwanza unatunza kielelezo, yaani kijiti chenyewe chenye kuvu, kisha unaeleza ulichokiona, na jina ndilo linalokuja mwisho. Mwongozo huu unahusu kuvu ambazo kwa macho ni vitone tu kwenye gome la tawi lililokufa, robo milimita hadi nusu milimita upana.

## Vifaa

Vya msituni: mkasi wa kupogolea au kisu kikali, lenzi ya mkono ya mara 10, bahasha za kaki, penseli, daftari, na simu yenye GPS. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga za Kenya tangu Juni 2020, na hata pasipo sheria, tawi likifungiwa kwenye plastiki hutoa jasho na kumea ukungu mwingine usiouhitaji.

Vya mezani: hadubini yenye lenzi za mara 10, 40 na 100, kipimo kidogo ndani ya lenzi ya jicho, na slaidi ya kipimo yenye milimita moja iliyogawanywa sehemu 100. Ongeza hadubini ya ukuzaji mdogo ya kutazamia gome, nyembe mpya, sindano mbili nyembamba, slaidi, vioo vya kufunikia na mafuta ya lenzi.

Kemikali: maji yaliyotoneshwa, asidi ya laktiki, rangi ya kotoni bluu, potasiamu hidroksidi ya asilimia 3 hadi 5, na iodini ya Lugol au ya Melzer. Maji yaliyotoneshwa ndiyo yanayouzwa kama maji ya betri; ukiyanunua kwenye kituo cha mafuta, soma lebo vizuri, maana chupa za asidi ya betri huuzwa hapohapo. Potasiamu hidroksidi huunguza ngozi na macho, na iodini ya Melzer ina sumu. Vaa glavu na miwani.

Vya kuoteshea: agari (unga wa mwani unaogandisha chakula cha kuvu), viazi, sukari ya glukosi, sahani za Petri, taa ya spiriti na sufuria ya presha.

## Hatua ya 1: Pata kibali kabla ya kukata chochote

Misitu ya Karura, Ngong Road na Oloolua si mashamba ya mtu yeyote kujichukulia. Misitu ya serikali iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na vinasaba vya viumbe vya Kenya vinalindwa na kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2006. Ukitaka kupeleka sampuli nje ya nchi, hata ile iliyo ndani ya kichupa kidogo cha maabara, karatasi hizo ndizo zitakazoulizwa kwanza.

Kama huna kibali bado, fanyia mazoezi kwenye matawi ya uani kwako, kwa ruhusa ya mwenye ploti. Mjakaranda wa mtaani una kuvu za kutosha kukufundisha hatua zote zinazofuata.

## Hatua ya 2: Chagua tawi, na uutambue mti

Tafuta tawi lililokufa lakini bado limeshikilia mti, au lililoanguka juzi, unene wa milimita 5 hadi 20, gome likiwa bado lipo. Tawi lililolala chini muda mrefu limeshaingiliwa na kuvu za udongoni, na hutajua ipi ilikuwa ya mti na ipi imehamia. Wakati mzuri ni wiki chache baada ya mvua kuanza, ya Machi hadi Mei au ya Oktoba hadi Desemba, kwa kuwa vitone vingi hukomaa wakati huo.

Sasa jambo ambalo watu wengi hulipuuza: chukua pia majani, na ukipata maua au matunda ya mti huohuo. Kuvu nyingi za matawi zina miti zinayoipenda, na maelezo yanayosema "kwenye tawi kavu" bila jina la mti hayana thamani hata nusu. Karura utakutana na mukinduri (*Croton megalocarpus*), muhugu (*Brachylaena huillensis*) na mikaratusi iliyopandwa. Jina la Kikuyu ulilopewa na mlinzi wa msitu liandike, lakini ulithibitishe kwa majani kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa.

Andika papo hapo tarehe, mahali, GPS, mwinuko, jina la mti, unene wa tawi, na kama lilikuwa juu ya mti au chini. Tumia penseli. Wino wa kalamu ukilowa hufutika.

## Hatua ya 3: Kausha na ugawe

Ukifika nyumbani, toa matawi kwenye bahasha na uyaanike kivulini penye upepo, au kwenye joto lisilozidi nyuzi 40. Usiyaweke juani wala kwenye oveni. Joto kali huua spora, na utazihitaji zikiwa hai kwenye hatua ya 9.

Kabla ya hapo, hata hivyo, tenga vipande viwili au vitatu vibichi. Viweke kwenye kisanduku chenye karatasi ya shashi iliyolowa, ufunike, na uvikague kila siku kwa wiki mbili. Vitone vilivyokuwa vichanga mara nyingi hukomaa humo na kusukuma nje spora kama ute mweusi au mweupe. Ute huo ndio spora zilizokomaa kabisa, nazo ndizo bora za kupima.

Kilichobaki kikikauka, kitie kwenye bahasha yenye namba yako. Namba hiyo iandike kila mahali: daftarini, kwenye slaidi, kwenye picha, kwenye sahani ya Petri. Picha nzuri isiyo na namba haimsaidii mtu yeyote.

## Hatua ya 4: Tazama gome kabla ya kukata

Weka tawi chini ya hadubini ya ukuzaji mdogo na usiharakishe. Jiulize: Vitone vimetokeza juu ya gome au vimezama ndani na kulipasua? Viko kimoja kimoja au kwa makundi? Vina tundu juu, shingo, au mpasuko mrefu? Gome linalovizunguka limebadilika rangi?

Si kila kitone cheusi ni kuvu. Kinyesi cha wadudu hutoka kizima ukikigusa kwa sindano. Vitundu vya kupumulia vya gome ni sehemu ya mti wenyewe, vina unga wa kahawia ndani. Kuvu ukiikwangua kichwa utakuta ukuta mweusi na ndani yake kiini cheupe au cha kijivu kilicholowa.

Pima upana wa vitone visivyopungua kumi. Piga picha yenye kipimo pembeni.

## Hatua ya 5: Sawazisha kipimo cha hadubini

Bila hatua hii, namba zako zote ni za kubuni. Weka slaidi ya kipimo, ambayo kila mstari wake ni mikromita 10. Ukiwa kwenye lenzi ya mara 40, linganisha mistari yake na ile ya lenzi ya jicho. Ikiwa mistari 40 ya jicho inalingana na mistari 10 ya slaidi, yaani mikromita 100, basi kila mstari wa jicho ni mikromita 2.5. Rudia kwa lenzi ya mara 100. Andika majibu kwenye kikaratasi na ukibandike kwenye hadubini hiyo, kwa sababu kila hadubini ina yake.

Ukipiga picha kwa simu kupitia lenzi ya jicho, piga pia picha ya slaidi ya kipimo kwa ukuzaji uleule. Kuandika "mara 1000" chini ya picha hakumwambii msomaji kitu. Weka mstari wa mikromita 10.

## Hatua ya 6: Kata, na uanze na maji

Hapa ndipo mikono inapofundishwa. Lowesha kipande cha gome dakika chache. Chukua wembe mpya, pasua kitone kimoja katikati kwa wima, kisha endelea kuparua vipande vyembamba kutoka kwenye uso ule uliopasuka. Kata kumi au zaidi na uvichukue vyote kwa ncha ya sindano iliyolowa. Viwili au vitatu vitakuwa vyembamba vya kupenyeka mwanga, navyo vinatosha. Wembe ukishakata matawi mawili au matatu, ubadilishe: wembe butu huponda ukuta wa kuvu badala ya kuukata.

Viweke kwenye tone la maji, si kwenye asidi. Maji hayabadilishi rangi wala ukubwa. Potasiamu hidroksidi huvimbisha spora na asidi ya laktiki huweza kukunja zile zenye ukuta laini, kwa hiyo ukipima ndani yake utaandika ukubwa usio wa kweli. Dawa zije baadaye, kila moja kwenye slaidi yake: asidi ya laktiki yenye kotoni bluu kwa kuonyesha kuta zisizo na rangi, na iodini kwa kujaribu ncha za vifuko vya spora.

Ukishaona, jibu swali kubwa la kwanza: spora ziko ndani ya vifuko au zimezaliwa nje kwenye ncha za seli?

Zikiwa ndani ya vifuko, kwa kawaida nane kwa nane, uko kwenye hatua ya kijinsia. Bonyeza kioo cha juu polepole huku ukitazama. Kwenye kuvu nyingi, ukuta wa nje wa kifuko hupasuka na wa ndani hurefuka na kutoka. Kwenye nyingine kifuko kina ukuta mmoja tu unaofanya kazi, na ncha yake pengine hugeuka buluu kwa iodini. Tofauti hiyo moja hutenga makundi makubwa ya kuvu, kwa hiyo usiikisie. Kama hukuiona wazi, kata kitone kingine.

Zikiwa zimezaliwa nje, hizo ni konidia, na kichupa kilichozibeba huitwa piknidia. Matawi makavu ya Nairobi yana nyingi za aina hii, zikiwemo jenasi za *Diplodia*, *Lasiodiplodia*, *Neofusicoccum* na *Diaporthe*.

## Hatua ya 7: Tafuta seli zizaazo konidia

Maelezo mengi yaliyorudishwa yalikosa sehemu hii, kwa sababu seli zizaazo ni ndogo, hazina rangi na hujificha nyuma ya spora. Lakini ndizo zinazobeba ushahidi mkubwa kuliko umbo la spora. Spora za kahawia zenye vyumba viwili zinapatikana kwenye kuvu zisizo na undugu wowote. Namna zinavyozaliwa haifanani.

Chukua kipande chembamba chenye ukuta wa piknidia. Kiweke kwenye asidi ya laktiki yenye kotoni bluu. Gonga kioo cha juu taratibu kwa kitako cha penseli ili spora zilizo huru zielee pembeni. Sasa panda lenzi ya mara 100 yenye mafuta, funga mwanga kidogo, na ufuate ukingo wa ndani wa ukuta, kidogo kidogo. Utaona vidole vifupi visivyo na rangi vikielekea katikati, na kwenye ncha ya baadhi yao spora changa bado imeshikilia.

Angalia shingo ya kila kidole. Ina pete, moja juu ya nyingine? Ina kola ndogo iliyobaki mdomoni? Au haina alama? Chora unachokiona, hata kama kuchora si kipaji chako. Mkono unaochora hulazimisha jicho lione, na mchoro unaweza kuunganisha vitu ambavyo picha moja haiwezi kuvishika vyote kwa pamoja.

Umefaulu ukishaona spora changa angalau tano bado ziko kwenye seli zake. Kama huzioni, kitone chako kimezeeka. Tafuta kichanga zaidi.

## Hatua ya 8: Pima spora, zilizokomaa tu

Pima 30, na ukiweza 50. Tumia lenzi ya mara 100, katika maji, urefu na upana wa kila moja. Pima zile zilizotoka zenyewe au zinazoelea huru, wala usichague zinazopendeza.

Kuna mtego hapa unaowakamata wengi. Konidia za *Lasiodiplodia*, ambayo ni ya kawaida sana kwenye miti ya nchi za joto, huanza zikiwa hazina rangi na bila ukuta wa kati. Baadaye sana, mara nyingi zikiwa zimeshatoka kwenye kichupa, hugeuka kahawia, hupata ukuta mmoja wa kati, na mistari ya urefu kwenye ukuta wa spora. Mtu akiziona za aina zote mbili kwenye slaidi moja huandika kuvu mbili. Kabla ya kusema ni mbili, tafuta zilizo katikati: zenye rangi ya kahawia hafifu, au zenye ukuta wa kati lakini bado hazina mistari. Na ili uione mistari yenyewe, usilenge katikati ya spora. Zungusha skrubu ndogo mpaka uso wa juu uwe wazi, kisha mpaka uso wa chini.

Upande wa pili, usiamini kwamba kila kilichomo kwenye kitone kimoja ni kimoja. Kuvu nyingine huishi ndani ya vitone vya wenzake. Usipopata za katikati, chukulia ni mbili hadi hatua ya 9 ithibitishe.

## Hatua ya 9: Otesha kutoka spora moja

Chemsha gramu 200 za viazi, chuja, ongeza glukosi gramu 20 na agari gramu 15 hadi 20, jaza maji yafike lita moja. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, kwa hiyo sufuria ya presha haifiki joto inalofika Mombasa. Ukiitumia kuua vijidudu vya kwenye agari hiyo, iache dakika 30 badala ya 15.

Tandaza spora chache kwenye agari ya maji tupu. Kesho yake zitafute kwa ukuzaji mdogo, kata spora moja iliyochipua pamoja na kipande cha agari, uihamishie kwenye agari ya viazi. Fanya hivyo kwa spora kadhaa. Andika rangi ya juu na ya chini, kasi ya kukua kwa siku na joto la chumba. Vaa barakoa ukifungua sahani zenye ukungu mkavu.

## Hatua ya 10: Vinasaba

Eneo la vinasaba liitwalo ITS ndilo la kuanzia, na kwa kuvu limekubaliwa kama alama rasmi tangu 2012. Lakini kwa *Diaporthe* na *Lasiodiplodia* halitoshi kutenganisha spishi. Ongeza jeni za tef1 na beta-tubulini. Jina la kwanza linalokuja juu kwenye GenBank, hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya vinasaba, lisikudanganye, kwani baadhi ya waliopeleka walikosea majina. Linganisha na mfuatano uliotoka kwenye kielelezo asilia cha spishi.

## Hatua ya 11: Andika kwa mpangilio wa nje kwenda ndani

Anza na mti na mahali, kisha vitone, ukuta, seli zizaazo, spora, na mwisho kuvu iliyooteshwa. Vya kwenye tawi na vya kwenye agari visichanganywe. Huu hapa mfano, takwimu zikiwa za kuonyesha mpangilio tu:

> Piknidia zimezama ndani ya gome na kutokeza kupitia mipasuko, moja moja au kwa makundi ya mbili hadi nne, nyeusi, kipenyo 250–400 µm, zenye tundu moja la kati. Ukuta una tabaka 4–7 za seli, kahawia iliyokolea nje, zisizo na rangi ndani. Seli zizaazo hazina rangi, umbo la silinda, 8–14 × 3–5 µm, baadhi zikiwa na pete moja au mbili. Konidia zina umbo la yai, kitako bapa, ukuta mnene. Mwanzo hazina rangi wala ukuta wa kati, baadaye kahawia zenye ukuta mmoja wa kati na mistari ya urefu, (21–)23–27.5(–29) × (11.5–)12.5–14.5(–15.5) µm, wastani 25.3 × 13.4 µm, urefu kwa upana 1.9, n = 50.

Namba za kwenye mabano ni ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote ulizopima. Zilizo nje ya mabano ni wastani ukitoa na ukijumlisha tofauti sanifu (standard deviation). "Spora ndogo za kahawia" isionekane popote.

## Hatua ya 12: Kama unadhani ni mpya

Linganisha kwanza na kila spishi ya jenasi hiyo, hasa zilizoelezwa kutoka kwenye mti uleule. Kisha timiza masharti ya kanuni za kimataifa za kutoa majina. Maelezo au utambulisho mfupi lazima yawepo kwa Kilatini au Kiingereza, kwa hiyo maandishi ya Kiswahili yaende pamoja na mojawapo. Tangu Januari 2013 jina jipya la kuvu lazima lipate namba ya usajili kutoka kwenye mojawapo ya hazina za majina ya kuvu, MycoBank, Index Fungorum au Fungal Names, kabla ya kuchapishwa. Na lazima utaje kielelezo kimoja tu kuwa holotaipu, yaani kile kinachobeba jina rasmi, na hebaria kilipohifadhiwa.

Kama si mpya, usikitupe. Spishi inayojulikana ikipatikana kwenye mti ambao haikuwahi kuandikwa, hiyo ni habari yenye haki ya kuhifadhiwa. Gandisha bahasha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja ili wadudu wafe, kisha ipeleke Hebaria ya Afrika Mashariki, kwenye Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, ikiwa na majani ya mti, slaidi moja iliyozibwa kwa rangi ya kucha, na lebo yenye namba ileile iliyo kwenye daftari lako.